Gari limeshuka, matuta hayajashuka

*Vijana wa Moshi wanayapenda magari ya spoti yaliyolalia lami, na grainda za mitaani zinawapa mkao wanaoutaka. Shida inaanza wanapokunja kuelekea Mabogini.*

Na Mwandishi Wetu, Moshi

MABOGINI. Simama jioni ya Jumamosi kando ya tuta lolote kwenye barabara inayotoka Moshi mjini kwenda kiwanda cha sukari cha TPC, usubiri. Bodaboda zitapita ubavuni, kwenye upenyo kati ya tuta na mtaro. Noah iliyojaza abiria itapunguza mwendo kidogo, itaruka, itaendelea. Fuso lenye magunia ya mpunga halitapunguza kabisa.

Kisha itakuja Altezza. Utaisikia kabla hujaiona, maana ekzosi nayo imeshapita kwa fundi. Ikifika kwenye tuta itasimama. Dereva ataikata mshazari, tairi la kushoto litangulie kupanda, la kulia lifuate. Pengine wale wawili waliokaa nyuma watashuka watembee. Pamoja na mbinu zote hizo, utasikia chuma kikikwaruza, na kwenye mgongo wa tuta utabaki mstari mweupe juu ya mingine iliyotangulia.

Mhariri wangu aliiona mistari hiyo akauliza swali jepesi: mtu ananunua gari zima, anamlipa fundi alishushe, halafu anateseka nalo kila siku. Kwa nini?

Jibu lina pande nyingi kuliko swali.

Gari la Japan, mfereji wa Japan

Toyota Altezza iliingia sokoni Japan mwaka 1998 na ikaacha kutengenezwa 2005. Nje ya Japan iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Toleo la RS200 lina injini ya lita 2 yenye nguvu za farasi 210, gia 6 za kubadili kwa mkono, na nguvu yake inakwenda tairi za nyuma. Ilipotoka ilitwaa tuzo ya Gari la Mwaka nchini mwake. Magari yaliyotumika yalipoanza kumiminika Dar es Salaam, Altezza ikawa gari la spoti la mtu asiye tajiri, pamoja na Celica na Subaru Impreza, na baadaye Mark X.

Kiwandani kwenyewe gari hilo ni la chini. Kutoka uvunguni hadi barabarani haifiki sentimita 15. Tairi la RS200 ni 215/45 rimu 17. Piga hesabu, ukuta wa raba kati ya rimu na barabara ni sentimita 9.7 tu. Waliolichora walikuwa na barabara za Japan akilini.

Mabogini ni nchi nyingine. Kata hii ya Moshi Vijijini iko kusini mwa manispaa, pale mteremko wa Kilimanjaro unapoishia na tambarare kuanza. Maji ya Mto Rau na chemchemi ya Njoro yanagawanywa kwenye majaruba kwa mifereji ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa fedha na utaalamu wa Japan miaka ya 1980. Kila mfereji unapokatana na njia kuna kalvati, na kila kalvati ina mgongo wake. Ukiacha lami unaingia kwenye udongo mfinyanzi mzito, ambao masika hunata na kuchimbika, na kiangazi hukauka na makovu yake yote ya magurudumu.

Wajapani, kwa hiyo, wametuletea Mabogini vitu viwili, mifereji na Altezza. Havikukusudiwa kukutana.

Kilo 16 za faida

Tuanze na haki ya wanaoshusha, maana wana hoja ya kweli ya kiufundi na mara nyingi hawapewi nafasi ya kuieleza.

Gari likikata kona, uzito huhama kutoka tairi za ndani ya kona kwenda za nje. Kiasi kinachohama hutegemea mambo machache: uzito wa gari, ukali wa kona, upana kati ya tairi la kushoto na la kulia, na kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini. Kimo kikipungua, uzito unaohama unapungua. Tairi nne zikigawana mzigo vizuri zaidi, zinashika barabara vizuri zaidi. Ndiyo sababu magari ya mashindano ya lami duniani kote yanakaa chini.

Sasa tuweke namba. Chukua Altezza ya kilo 1,340, yenye upana wa karibu mita 1.5 kati ya tairi. Tuseme kitovu chake cha uzito kiko sentimita 50 juu ya barabara. Kwenye kona kali, ya kumfanya abiria ashike mpini wa mlango, uzito unaohama ni kama kilo 270. Ukilishusha gari sentimita 3, unakuwa kama kilo 254. Umeokoa kilo 16, yaani asilimia 6.

Kwa dereva anayesaka nusu sekunde kwenye uwanja wa mashindano, asilimia 6 ni mali. Kwa anayetoka mtaa wa Pasua kwenda Mabogini kumsalimia shangazi, hata haisikiki.

*Umeokoa kilo 16, yaani asilimia 6. Kwa anayekwenda kumsalimia shangazi, hata haisikiki.*

Upande wa pili wa hesabu hiyo ndio husahaulika gereji. Springi inahitaji nafasi ya kubonyea. Tuseme gari lilikuwa na sentimita 8 za kubonyea kabla ya kugota kwenye raba za mwisho. Ukilishusha sentimita 4, umebaki na nusu. Ili springi imeze pigo lilelile la shimo lilelile ndani ya nusu ya nafasi, haitoshi kuwa ngumu mara mbili. Inatakiwa kuwa ngumu mara nne. Wengi wanaoshusha hawafiki huko, na wakifika, abiria wao wanajuta. Ndiyo maana gari lililoshushwa ovyo lina tabia mbili kwa wakati mmoja: linatingisha kwenye lami nzuri na bado linagota kwenye shimo.

Kazi ya grainda

Njia halali ya kushusha gari inajulikana. Zipo springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya modeli husika, zinazofungwa na shokapu zinazolingana nazo. Zipo pia koilova, shokapu zenye uzi wa kupandisha na kushusha kimo kwa spana. Vyote viwili vinagharimu fedha za kuuma, na vingi vinaagizwa nje au kuokotwa kwenye maduka ya spea zilizotumika.

Kwa hiyo kuna njia ya tatu. Fundi anafungua mguu, anatoa springi, anaiweka chini, anawasha grainda. Duara moja linakatwa, wakati mwingine moja na nusu. Kazi ya mchana mmoja, na jioni gari linaondoka limelala.

Kilichotokea ndani ni hiki. Springi yenye maduara 6 yanayofanya kazi ikikatwa moja, ugumu wake unapanda kwa asilimia 20, maana waya uleule sasa una urefu mdogo wa kujikunja. Shokapu haijabadilishwa, bado ni ya springi ya zamani. Inashindwa kuituliza mpya, na gari linabaki linadundadunda baada ya kila tuta. Tena inafanya kazi ikiwa imezama zaidi ndani ya bomba lake, karibu na mwisho. Maisha yake yanafupika.

Kuna jambo baya zaidi. Kiwandani springi huwekwa ikiwa imebanwa kidogo hata gari likiwa limenyanyuliwa kwa jeki. Ukiikata inaweza kuwa fupi kuliko nafasi yake. Tairi likining'inia kwenye shimo, springi inaachia kiti chake. Tairi likirudi, inaweza kukaa upande. Ncha iliyokatwa nayo hailali vizuri kama ile ya kiwandani. Wapo wanaoifunga kwa waya. Waya huo ndio unaolinda maisha ya watu wanne ndani ya gari lenye nguvu za farasi 210.

Wengine hawakati, wanachoma. Springi inapigwa moto wa gesi hadi inakuwa nyekundu na kulegea yenyewe kwa uzito wa gari. Chuma cha springi hupata ukakamavu wake kwa kupashwa na kupozwa kwa vipimo maalumu kiwandani, na moto wa namna hiyo unaifuta kazi yote. Springi iliyochomwa haina ugumu unaojulikana. Leo iko hapa, mwezi ujao imeshuka tena.

Halafu tairi. Mguu wa gari ukipanda juu kuliko ulivyochorwa, tairi huinamia ndani kwa juu, na mara nyingi pua zake hubadilika mwelekeo. Ukingo wa ndani ndio unaobeba gari. Kwa nje raba inaonekana mpya. Ingia uvunguni na tochi, utakuta nyuzi zimeanza kuchungulia. Alaimenti inaweza kurekebisha sehemu ya tatizo, lakini si kila gari lina boliti za kurekebishia mwinamo huo, na mwenye gari aliyekwepa bei ya springi mara nyingi hukwepa na bei ya alaimenti.

Kwa magari yenye mguu wa muundo wa MacPherson, kama Impreza, Celica, Vitz na IST, kuna kichekesho kingine. Mkono wa chini unaoshika tairi huwa umeinamia nje. Ukishusha gari mno, mkono unalala, kisha unainamia upande wa pili. Hapo sehemu ambayo mwili wa gari huizunguka likilalia kona inashuka kwa kasi kuliko kitovu cha uzito. Umbali kati ya viwili hivyo unaongezeka, na gari linataka kulala *zaidi* kwenye kona kuliko kabla hujalishusha. Altezza, yenye mikono miwili juu na chini mbele na nyuma, inavumilia vizuri kidogo. Kidogo.

Jumatatu linanyanyuliwa

Nisiwaonee vijana wa Altezza. Fundi huyohuyo anayeshusha Jumamosi, Jumatatu ananyanyua. Nchi hii ina magari mengi yaliyonyanyuliwa pia, na ni nadra mtu kuandika makala kuyahusu.

Baba mwenye familia ananunua gari la Japan, siku ya pili linagusa tuta la kwanza, siku ya tatu yuko gereji anawekewa spesa. Vipande vya chuma au raba ngumu vinapachikwa juu ya shokapu, gari linapanda sentimita 3 au 5. Watu wanamsifu kuwa ana akili. Kimaumbile amefanya kosa la aina ileile, ila kwa upande wa juu: mikono ya mguu imeinama kuliko ilivyochorwa, jointi za ekseli zinazungukia pembe kali, alaimenti imekwenda, na kitovu cha uzito kimepanda. Likija suala la kupinduka, ni afadhali la chini.

Tofauti ni kwamba anayenyanyua anajibu shida ya barabara, na anayeshusha anajiongezea. Hiyo ndiyo sababu mmoja anaonekana mtu mzima na mwingine mhuni, ingawa wote wawili wamemkabidhi fundi asiye na kipimo mguu wa gari.

*Fundi huyohuyo anayeshusha Jumamosi, Jumatatu ananyanyua.*

Tuta lenyewe lina kosa

Nilipoanza kazi hii nilidhani nitaandika kuhusu magari tu. Lakini ukichukua futi ya kupimia, tuta nalo lina kesi ya kujibu.

Tuta la kitaalamu lina umbo linalojulikana. Uingereza, miaka ya 1970, maabara ya utafiti wa barabara ilibuni tuta la mgongo wa mviringo lenye upana wa mita 3.7 kufuata mwelekeo wa gari na kimo cha sentimita 10. Nchi nyingi zimeiga. Ubora wake ni huu: umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma za Altezza ni mita 2.67. Gari likiwa katikati ya tuta la namna hiyo, tairi zote nne bado ziko juu ya tuta, zimenyanyuliwa karibu sentimita 5. Mgongo wa tuta unaingia uvunguni kwa sentimita 5 nyingine tu. Gari lililotoka kiwandani linapita bila kugusa. Hata lililoshushwa sentimita 3 linapita, likienda taratibu.

Sasa njoo kwenye tuta la kienyeji. Wananchi wamechoka kugongewa watoto, wamerundika udongo na mawe, au wamemwaga zege usiku mmoja. Upana mita moja, kimo sentimita 15. Altezza ikiwa katikati, tairi zote nne ziko chini, mbili huku na mbili kule, na sentimita 15 zote ziko uvunguni. Gari halina nafasi hiyo hata likiwa jipya. Hapo hata mzee anayeendesha Mark II aliyoitunza tangu 2006 anakwaruza.

Kwa hiyo mwenye Altezza anaposema matuta ya mtaani yamejengwa vibaya, anasema kweli, hata kama yeye ndiye mtu wa mwisho tunayetaka kumsikiliza. Tuta la namna hiyo linaumiza pia mgonjwa ndani ya gari la wagonjwa, mjamzito kwenye bajaji na mgongo wa dereva wa daladala.

Wakazi wana jibu lao, nalo ni zito. Matuta hayakuja kwa hiari. Sheria inataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na anayeishi kando ya barabara anajua ni wangapi wanaitii. Watoto wanavuka kwenda shule, kina mama wanavuka na ndoo na vikapu vya mboga, ng'ombe wanavuka. Ukimwambia mzazi wa hapo kwamba tuta lake linaharibu bampa la mtu, atakuangalia. Na magari yenye sauti kubwa ya ekzosi ndiyo anayoyaogopa zaidi.

Heshima ya mkao

Nikiwauliza vijana sababu, kilo 16 hazitajwi. Linatajwa neno moja: mkao. Gari likikaa chini, nafasi kati ya tairi na tao la bodi inafungwa, na umbo zima linatulia. Nani atabisha kwamba si zuri? Ni uzuri, na uzuri huwa na gharama zake.

Wala si wao wa kwanza. Japan, miaka ya 1970 na 1980, vijana walishusha magari yao kiasi kwamba mtindo huo ukapata jina lake, *shakotan*. California, vijana wenye asili ya Mexico walishusha Chevrolet zao ili zitambae polepole mitaani, kinyume cha Wamarekani wengine waliozinyanyua nyuma na kukimbia. Mwaka 1958 jimbo hilo likapiga marufuku gari ambalo sehemu yoyote ya bodi iko chini ya usawa wa ukingo wa rimu. Mwaka uliofuata kijana mmoja, Ron Aguirre, alifunga kwenye Corvette yake mitambo ya haidroli: akimwona askari, analipandisha, askari akipita, analishusha. Vizuizi vya California dhidi ya magari hayo vilifutwa kuanzia tarehe 1 Januari 2024, baada ya zaidi ya miaka 60.

Hapo pana somo la kiufundi ambalo Moshi ingeweza kulichukua. Aguirre alitafuta gari linaloweza kuwa chini na juu. Leo springi za upepo zinafanya hivyohivyo kwa kubonyeza kitufe. Ni ghali, na vumbi na matope yetu si rafiki wa mipira yake, lakini angalau anayezifunga amekubali kwamba barabara haiko namna moja.

Hapa kwetu kasi ilipanda juu

Kinachonishangaza zaidi ni jinsi kanda hii ilivyosahau historia yake ya spoti. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakaitwa East African Safari Rally, na dunia nzima ikayaogopa. Kwenye mashindano ya 1963, na tena 1968, magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza kila mara.

Angalia yaliyoshinda. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968. Gari la familia, lenye springi ndefu na laini, lililopendwa kwa sababu hiyohiyo na wenye teksi na wachungaji. Joginder Singh wa Kenya alishinda 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda 1973, halafu mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun. Toyota Celica, jina lilelile tunalolikata springi leo, ilishinda 1984, 1985 na 1986.

Hakuna kati yao aliyeshinda kwa kulalia barabara. Timu zilinyanyua magari, zikaimarisha miguu, zikavika uvungu mabati mazito, na kutafuta shokapu zenye mwendo mrefu. Mashindano ya Safari yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, hata magari ya kisasa kabisa yalipandishwa. Madereva walewale, wakienda Ulaya kwenye mashindano ya lami, hushusha. Wanafuata ardhi.

*Toyota Celica, jina lilelile tunalolikata springi leo, ilishinda Safari 1984, 1985 na 1986, na haikushinda kwa kulalia barabara.*

Kimo hakimo kwenye kadi

Sheria inasemaje? Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973, inataka gari linaloingia barabarani liwe katika hali nzuri na salama. Askari akiona gari bovu anaweza kuliandikia faini. Lakini kadi ya gari inataja rangi, namba ya injini, namba ya chasisi, idadi ya viti, uzito. Kimo hakimo. Ukibadili rangi kutoka nyeupe kwenda nyeusi unatakiwa kubadilisha kadi. Ukikata springi zote nne, nyaraka zako ni safi.

Japan, lilikozaliwa gari lenyewe, wamelimaliza jambo hili kwa rula. Gari linapopelekwa kwenye ukaguzi wa lazima, sehemu ya chini kabisa ya bodi isiwe chini ya sentimita 9 kutoka ardhini. Kwa kawaida unaruhusiwa kubadili kimo hadi sentimita 4, juu au chini, bila maombi mapya. Ukizidi, unaweza kutakiwa kulipeleka gari likaguliwe upya. Hawajamkataza kijana kupendezesha gari lake. Wamempa mpaka.

Kwetu ukaguzi wa gari binafsi unakumbukwa zaidi wakati wa wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, na stika inabandikwa kiooni. Taa zinawashwa, honi inapigwa, tairi linatazamwa kwa nje. Mkaguzi akiinama na kuangalia springi kwa tochi, ataona mara moja: ncha iliyokatwa kwa grainda haifanani na ncha ya kiwandani, na rangi ya chuma kilichochomwa inajieleza.

Suala la bima nalo lipo. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli kamili kutoka kwa anayekatiwa, na kubadili mguu wa gari ni jambo ambalo kampuni ingetaka kulijua. Anayegundua hilo siku ya ajali anakuwa amechelewa.

Kabla ya Desemba

Kila mwisho wa mwaka magari ya Wachaga yanapanda kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kupitia Chalinze, Segera, Same na Mwanga, wenyewe wakitaniwa kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Msimu huo ndio gereji za Moshi zinapokea magari ya chini kwa wingi, yakiwa na sampu za oili zilizopasuka, ekzosi zilizong'oka na bampa zilizobaki njiani. Gari lililoshushwa likiwa na dereva peke yake, likapakiwa watu wanne, mabegi na zawadi za bibi, hushuka tena sentimita kadhaa ambazo hazikuhesabiwa. Halafu nyumbani si Masaki ya Dar es Salaam; ni Uru au Kibosho kwenye mwinuko wa mawe, au Mabogini ng'ambo ya mfereji.

Sampu ya oili ikipasuka, taa nyekundu itawaka kwenye dashibodi. Zima injini hapohapo. Wengi wanaosema wajikongoje hadi gereji hufika na injini iliyokufa, na injini ya Altezza yenye farasi 210 haipatikani kila duka.

Msimamo wa mwandishi huyu ni kwamba kushusha gari si kosa, kukata springi ni kosa. Anayetaka mkao anunue springi za gari lake pamoja na shokapu zake, asizidi sentimita 3, apime alaimenti siku hiyohiyo, na avike sampu bati la kuilinda. Asiye na fedha hizo aliache gari kama lilivyotoka Japan mpaka azipate. Fundi anayejiheshimu akatae kazi ya grainda, hata mteja akimwita kaka mara kumi. Askari wanaobandika stika wainame waangalie uvunguni. Na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, pamoja na halmashauri waje na futi ya kupimia kwenye matuta ya mitaa ya Mabogini, wavunje yale ya mita moja na kujenga ya kitaalamu mahali palepale, kabla wananchi hawajamwaga zege lingine.

Kwa anayejiandaa kusafiri: lipakie gari kama litakavyopakiwa siku ya safari, lala chini, upime kutoka sehemu ya chini kabisa ya uvungu hadi ardhini. Ikiwa chini ya sentimita 10, panda basi.